Kibaba cha Akili, Kata ya Maji

Aliyemletea Kanga habari ile kwanza alikuwa Chiriku, na Chiriku hakuwa na kawaida ya kufikisha habari kabla hajaimwaga nusu yake njiani. Siku hiyo alitua juu ya kichaka cha mkwakwa huku akihema.

"Shoga, umelala tu hapo? Mzee Simba ametoa amri. Maji ya kisimani hayagawiwi tena kwa foleni. Yanagawiwa kwa akili."

Kanga alikuwa amewafunika vifaranga wake kwa mbawa ili jua lisiwachome. Ulikuwa mwaka wa kiangazi kibaya. Mvua ilipita mbali, mto ukabaki mchanga, na maji yalipatikana mahali pamoja tu, kwenye shimo ambalo Tembo alilichimba katikati ya mto huo mkavu kwa miguu na mkonga wake. Nyika nzima ililitegemea. Simba hakuchimba hata konzi moja ya mchanga, lakini alilala ukingoni, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kumwamsha, kisima kikawa chake.

"Akili za nani?" Kanga aliuliza kwa sauti ya chini. Ukoo wa kanga unajulikana kwa kelele. Mmoja akishtuka, bonde zima linaamka. Huyu peke yake alizaliwa na haya. Akisema neno mbele za watu, alilisema kama anayelirudisha mdomoni.

"Za kila mmoja. Unagongwa kichwa, akili zako zinapimwa kwa vibaba, unapewa maji. Kibaba cha akili, kata ya maji."

"Na anayegonga ni nani?"

"Sungura."

Alikijua kichwa chake. Katika nyika nzima hapakuwa na mwili mnene uliobeba kichwa kidogo namna ile. Kilikaa juu ya shingo kama kokoto lililosahauliwa juu ya kichuguu. Chini ya bawa lake kitindamimba, aliyetoka kwenye yai siku nyingi baada ya ndugu zake na ambaye bado alitembea akipepesuka, alifungua mdomo na kuufunga bila kutoa sauti. Ulimi wake ulikuwa mkavu kama ganda la mtama.

"Twende tukajaribu," Kanga alisema, akawainua watoto.

Walipofika, walikuta wanyama wamejipanga mpaka ng'ambo ya mto. Sungura alikuwa ameketi juu ya jiwe, kijiti cha mkwaju mkononi, sikio moja limesimama na jingine limeinama kama la mtu anayesikiliza siri. Kando yake Tembo alikuwa akichota maji kwa mkonga na kuyamimina kwenye mwamba wenye bonde, na Nyani alishika kata ya kibuyu tayari kugawa.

"Ndugu zangu," Sungura alisema, "nyinyi mnaoingia mashamba ya watu kuiba matikiti, hebu niambieni. Tikiti lililoiva mnalijuaje?"

Nguruwe na Nyani wakatazama chini. Mwishowe Nguruwe akajibu kwamba amesikia watu wakisema hulipiga kwa kidole na kusikiliza.

"Ndivyo. Tikiti husema lenyewe. Na kichwa nacho husema. Kazi yangu ni kukisikiliza tu, sina chuki na mtu wala upendeleo."

Nyani akainua mkono. "Lakini Bwana Sungura, akili si moja. Zangu mimi ziko mikononi. Nipe fundo lolote, nitalifungua."

"Zangu ni za kukumbuka," Tembo alisema. "Mahali hapa pa kuchimba nilipakumbuka kwa sababu bibi yangu alichimba hapa nikiwa mdogo."

"Za kwangu ni za pua," Fisi alidakia. "Nyama ikiwa ng'ambo ya mlima, mimi nimeshaanza kutafuna."

Sungura alitabasamu kama mwalimu aliyezoea watoto wazito. "Mikono hupokea amri kutoka wapi? Kumbukumbu hulala wapi? Na pua imebandikwa kwenye nini? Hayo yote ni matawi, ndugu zangu. Shina ni moja, nalo liko humu." Akajigonga utosini.

Simba alifumbua jicho. "Liwe moja," alisema. "Mambo yakiwa mengi hunipa usingizi."

Basi likawa moja. Wa kwanza kugongwa alikuwa Simba mwenyewe. Sungura alimkaribia kwa kunyenyekea, akamgusa kwa kijiti kama mtu anayejaribu yai, kisha akaruka nyuma na kuziba masikio.

"Nini?" Simba aliuliza.

"Kipimo kimejaa, Bwana Mkubwa. Kinamwagika. Naomba wenzangu wasisimame karibu."

Simba akatikisa manyoya yake polepole, ili kila mtu apate nafasi ya kuyatazama. Alikunywa mpaka akatosheka, akarudi kulala.

"Na wewe?" Tembo alimwuliza Sungura.

"Mimi nilijigonga asubuhi, nikiwa peke yangu pasipo kelele. Nilipata pishi nzima, vibaba vinne. Hata mimi nilishangaa." Akampokea Nyani kata nne za maji, akanywa mbili na mbili akazificha nyuma ya jiwe.

Kisha akampandia Tembo mgongoni na kumgonga. Kichwa kile kililia kwa mlio mnene uliokwenda mbali. Wanyama wakaitikia kwa kustaajabu, lakini Sungura alitikisa kichwa kwa huzuni. "Mnasikia mwangwi huo? Ghala likiwa na mtama halitoi mwangwi. Nusu kibaba."

"Nilichimba kisima," Tembo alisema.

"Kwa miguu," Sungura alimjibu kwa upole. "Ungekichimba kwa akili, tungezungumza mengine."

Tembo alifikiri sana juu ya jambo hilo, na kwa kuwa hakupata kosa lake, akachukua nusu kata yake na kukaa pembeni.

Fisi alipogongwa, alipata kibaba kimoja. Alikunywa, akalamba kata, akalamba mkono wa Nyani, akarudi mwisho wa foleni. Zamu yake ilipofika tena alimnong'oneza Sungura, "Mjomba, hapo kwanza nilikuwa nimeinamisha shingo. Nigonge vizuri. Tutagawana kitakachozidi."

Sungura akamgonga vizuri. Vibaba viwili. Jua lilipoinama Fisi alikuwa amegongwa mara nyingi kuliko mlango wa chifu, na akili zake zilikuwa zimefika pishi kasoro kidogo. Hakushiba hata hivyo, maana kila kibaba kilichoongezeka kilikuwa na sehemu ya Sungura ndani yake.

Zamu ya Kanga ilifika mwisho kabisa. Alisogea kwa aibu, vifaranga nyuma yake, kitindamimba akishikilia unyoya wa mkia kwa mdomo.

Sungura alimzunguka mara moja, akatazama huku na huku. "Bi Kanga, umekuja na kichwa au umekiacha nyumbani?"

Waliokwisha kunywa wakacheka. Waliobaki na kiu wakacheka pia, wasionekane hawakuelewa.

"Ni hiki," Kanga alisema.

Sungura alitupa kijiti, akachukua jani la nyasi na kumgusa nalo. Akasikiliza kwa muda mrefu, macho yamefumbwa. "Hakuna kitu," alisema. "Hata punje."

"Basi hata tone, Bwana Sungura. Si langu. La huyu mdogo."

"Huyu mdogo ametoka kwa nani?"

"Kwangu."

"Basi umejijibu mwenyewe. Kijito kikikauka juu, huko chini kuna nini?"

Nyani, ambaye moyo wake haukuwa mbaya sana, alimwonyesha kwa kidole mahali ambapo maji yalikuwa yakidondoka kutoka midomo ya wanywaji na kulowesha mchanga. Kanga akawapeleka watoto pale, wakadonoa mchanga ule wenye unyevu mpaka giza lilipoingia. Haikuwa kunywa, lakini walilala wakiwa hai.

Mambo yaliyofuata nyikani hayajapata kuonekana tena. Ilipojulikana kwamba kichwa kinaweza kulia vizuri siku moja na vibaya siku nyingine, kila mmoja alianza kukitengeneza cha kwake. Nguruwe alijaza majani masikioni ili mwangwi usitoke. Swala alibana pumzi foleni nzima, akazimia mara mbili, na Sungura akamwongezea robo kibaba kwa sababu kichwa cha aliyezimia, alisema, kimetulia. Twiga alikuwa na taabu ya pekee, maana kila asubuhi Sungura alikataa kupanda mpaka juu, akamgonga goti na kumwandikia akili za goti.

Nyani akaanzisha tuisheni. Jioni alikusanya watoto wa wanyama chini ya mgunga akawafundisha namna ya kuinamisha kichwa, kukaza shavu, na kuzungusha macho ili kijiti kikishuka kipate mlio wa ndani. Hawakufundishwa kutafuta chakula, wala harufu ya chui, wala njia ya kurudi nyumbani. Watoto wawili wa Nguruwe walipotea wakirudi kutoka tuisheni, na walipopatikana kesho yake mama yao aliwauliza kwanza kama bado wanakumbuka kukaza shavu.

Kanga naye ni mzazi. Hakuwa na cha kumlipa Nyani, lakini alisimama nyuma ya kichaka akasikiliza, na alfajiri, kabla jua halijawa kali, aliwapanga vifaranga wake na kuwagonga mmoja mmoja kwa kijiti chembamba. Wakazoea. Wakiamka tu walinyoosha shingo.

"Mama, leo nina ngapi?" kitindamimba aliuliza kila asubuhi.

"Zinakuja," Kanga alimjibu. "Zinakuja, mwanangu." Naye akasikiliza tena, wala hakusikia chochote, akayalaumu masikio yake.

Siku moja alifanya jambo ambalo baadaye lilimfanya afiche uso kila alipolikumbuka. Aliokota kokoto laini, akaliweka mdomoni, akaenda kwenye foleni. Sungura alipomgusa, Kanga alitikisa kichwa kidogo, na ndani mkasikika kitu kikigonga, kwa mlio wa kupendeza kabisa.

Sungura akagusa tena. Kikagonga tena.

"Bi Kanga," Sungura alisema, "hebu nitajie jina lako."

Kanga alifungua mdomo, na kokoto likaanguka juu ya jiwe, likabingirika taratibu mpaka miguuni pa Fisi. Fisi akalinusa kama ni chakula.

"Zile akili zake," Sungura alisema, "zimetoka. Mrudishieni."

Kicheko cha siku hiyo kilimsindikiza Kanga mpaka kwenye mkwakwa. Chiriku alimfuata. "Shoga, usilie. Mimi nimepewa robo kibaba na najua kabisa sina hata hiyo. Kazi yangu ni kuruka na kusema."

"Silii kwa ajili ya kucheka kwao," Kanga alisema. "Mdogo hasimami tena."

Kweli, kitindamimba alikuwa amelala ubavu. Hakuuliza tena ana ngapi.

Asubuhi iliyofuata kisima kikagoma. Tembo aliteremsha mkonga, akautoa ukiwa na mchanga. Maji yalikuwa yameshuka, na kingo za shimo zilikuwa zimemomonyoka na kuziba chini. Mkonga haukufika. Kila Tembo alipojaribu kusogea zaidi, ukingo ulikatika chini ya uzito wake na mchanga mwingi zaidi ukaporomoka ndani.

"Sasa lazima mtu ashuke," Tembo alisema. "Achimbe huko chini, atutupie mchanga. Maji yapo. Nayasikia kwa miguu. Mimi nikishuka shimo lote litanifuata. Ashuke mwingine, nami nitashika kamba nikiwa mbali."

Nyani akaleta kamba ya mbugu, ndefu na imara. Kila mtu akaitazama kamba ile. Kisha kila mtu akatazama kitu kingine. Shimo lilikuwa lenye kina na kiza, na mara kwa mara kipande cha ukingo kilidondoka chenyewe, pu, kama kuonyesha jinsi kinavyoweza kumfunika mtu.

"Wapo wenye kwato," Sungura alisema. "Kazi ya nguvu ina wenyewe. Kwa mfano wale wa nusu kibaba."

"Kwato hazichimbi shimoni," Nguruwe alisema haraka. "Huteleza. Ni jambo linalojulikana."

Mazungumzo yakazunguka hivyo, jua likapanda. Kanga alikuwa amemleta kitindamimba mgongoni, akamlaza kwenye kivuli cha jiwe. Alimtazama, akatazama shimo. Hakuwa na hila yoyote. Alitaka tu kuuliza jambo ambalo lilikuwa limemkaa moyoni, kwa sababu kama ndivyo mambo yalivyo, basi jibu lake lingemletea mtoto wake maji.

"Samahani," alisema.

Hakuna aliyemsikia. Swala alikuwa akieleza habari za mgongo wake.

"Samahani, wazee," alisema tena.

"Nani anakoroma huko?" Simba aliuliza, kisha akaendelea kumsikiliza Swala.

Wakati ule kitindamimba alifungua jicho moja, akalifumba, na kichwa chake kikaanguka mchangani. Na hapo ikamtoka Kanga sauti ambayo hakujua kama anayo. Haikuwa ile yake. Ilikuwa sauti ya ukoo wake, ile inayoamsha bonde, sauti ya mama yake na bibi yake, nayo ilitoka yote kwa mara moja:

"Kwa nini asishuke mwenye akili nyingi?"

Ng'ambo ya mto korongo waliruka kwa hofu. Simba alijikuta amesimama. Kanga mwenyewe alitazama nyuma kuona ni nani aliyesema, na alipoona ni yeye, akafunika uso kwa bawa. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka, na liliwazunguka pale kama nyuki.

"Amesema nini?" Tembo aliuliza, ingawa alisikia.

Chiriku, ambaye hajapata kuacha neno lianguke chini, alirudia kwa furaha. "Amesema ashuke mwenye akili nyingi. Si ndiyo mlivyotufundisha? Kisima huchimbwa kwa akili, si kwa miguu."

Basi hapo ndipo akili zilipoanza kuwatoka wanyama.

"Mimi," Nguruwe alisema, akivuta majani masikioni kwa haraka, "ilikuwa ni majani tu. Tazameni. Mimi ni mjinga wa kawaida, hata mama yangu anajua."

"Mimi nilikuwa nimezimia," Swala alisema.

"Zangu ni za goti," Twiga alisema kutoka juu.

Nyani alisema mwalimu si lazima ajue, kazi yake ni kufundisha. Kila aliyekuwa jana akiapa kuwa ana vibaba viwili, leo aliapa kuwa ameibiwa, au amerithi kwa makosa, au kichwa anachotembea nacho si chake. Wawili walianza kugombana nani mpumbavu zaidi, wakataka Sungura awagonge upya, na kila mmoja alimsihi mwenzake aangalie jinsi kilivyo kitupu.

Fisi peke yake alibaki katikati, tamaa ikimvuta huku na woga ukimvuta kule. "Anayeshuka," aliuliza, "ndiye anayekunywa kwanza?"

"Maji yakiwepo," Tembo alisema.

"Na yasipokuwepo?"

"Atachimba mpaka yawepo."

Fisi akafikiri. "Mimi nina akili za kunywa," alisema. "Za kuchimba sikupewa."

Simba alikuwa na kiu, na kiu humfanya mfalme akumbuke mambo. "Sungura," alisema, "wewe ulisema una pishi nzima. Sijasikia mwingine mwenye pishi nzima."

Sungura alikwisha kuokota kijiti chake. Akajigonga, akainamisha sikio, akashtuka. "Ajabu, Bwana Mkubwa. Tupu. Itakuwa zimeisha jana, kwa kazi ya kuwapimia wenzangu. Nimejitoa mno."

"Mpimaji hawezi kujipima," Simba alisema. "Fisi, mgonge."

Fisi hakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Alikumbuka kila kibaba alichogawana. Alikiacha kijiti cha mkwaju chini, akachagua gongo, akalipima uzito, akalirudisha, akachagua jingine. Kisha akamgonga Sungura katikati ya masikio kwa moyo wake wote.

Mlio ulikuwa mkubwa. Wanyama wakasogea kutazama, na mbele ya macho yao, pale lilipogonga gongo, kichwa cha Sungura kikaanza kuinuka, kikawa na kichwa kidogo juu ya kichwa.

"Zinaongezeka," Chiriku alisema. "Tunaziona."

"Ni nundu," Sungura alisema, machozi yakimlenga.

"Pishi na nusu," Fisi alitangaza, akainua gongo tena. "Nirudie, ili tuwe na hakika?"

Sungura alirudi nyuma. Akili alizokuwa nazo kweli, ambazo hazikuwahi kukaa kwenye kibaba, zilimwonyesha mlango mmoja tu, na katika haraka yake hakuangalia mlango ule unafungukia wapi. "Lakini ndugu zangu," alisema, "haki ni haki. Mnanitafuta mimi mwenye pishi, na hapa yupo ambaye kipimo chake kilijaa kikamwagika. Nani kati yetu ana akili kama Bwana Mkubwa?"

Polepole, mmoja baada ya mwingine, wanyama waligeuza nyuso zao kumwelekea Simba. Kisha zikageuka kuelekea shimo. Kisha zikarudi kwa Simba.

Simba alitazama shimo naye. Pu, kipande cha ukingo kikadondoka. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe aliona ubaya wa kusifiwa. Alifikiri muda mrefu kuliko alivyowahi kufikiri juu ya jambo lolote.

"Ni kweli," alisema hatimaye kwa sauti nzito. "Zangu zinamwagika. Ndiyo maana nahofia nikishuka zitachafua maji."

Tembo alikohoa. Nyani alijikuna. Simba alikuwa ameonyesha meno. Kamba ikafungwa kiunoni mwa Sungura.

Alishuka akipiga kelele kwamba yeye ni mjinga, kwamba ukoo wake wote ni wajinga, kwamba babu yake alifariki kwa ujinga. Sauti yake ikawa ndogo, kisha ikabaki ya kukwaruza. Sungura anajua kuchimba anapotaka kujificha, na chini kule hakuna alichotaka zaidi ya kumaliza. Mchanga ulianza kuruka kutoka shimoni, mkavu kwanza, halafu mweusi, halafu matope.

Donge la kwanza la matope liliruka juu na kuanguka kando ya jiwe, mbele ya Kanga. Wanyama waliliona wakalikimbilia wote. Swala alilamba akapata mchanga mdomoni. Nguruwe alizamisha pua akapiga chafya. Fisi alilitia lote kinywani, akalazimika kulitema. Lakini kati ya matope yale, kwenye alama za vidole vya Sungura, kulikuwa na maji ya kadiri ya tone hapa na tone pale, katika vishimo ambavyo hakuna mdomo wa pale ulioweza kuviingia. Kanga alidonoa tone moja, akashika maji yale mdomoni, akayadondosha katika mdomo wa kitindamimba. Kisha jingine. Kisha jingine. Wale wakubwa walisimama wakitazama kichwa kile kidogo kikienda na kurudi, kikienda na kurudi, wala hakuna aliyecheka, kwa kuwa wote walikuwa wakimeza mate.

Kitindamimba akafungua jicho. Kisha la pili.

Kutoka chini ikasikika sauti ya maji, na sauti ya Sungura ikisema ameyapata, avutwe sasa hivi. Fisi alitangaza papo hapo kwamba akili zake zote zimerudi, akajaribu kuruka ndani, na ikabidi Tembo amkanyage mkia mpaka atulie. Wakamvuta Sungura. Alitoka matope mwili mzima, masikio yamelala, nundu imesimama.

"Nilijua yapo," alisema, na mara akakumbuka. "Yaani, sikujua. Nilibahatisha. Mimi nitajuaje kitu?"

Hakuna aliyegongwa siku hiyo. Nyani alishika kata, akamtazama kila aliyefika mbele yake, akamwangalia mdomo jinsi ulivyokauka, akamchotea. Wenye watoto walitangulia. Tembo alipewa zamu yake akanywa muda mrefu, na Simba alijifanya amelala. Sungura alinyweshwa wa mwisho, kwa sababu kila mtu alikubaliana kwamba mwenye pishi na nusu hawezi kukosa njia ya kujisaidia.

Tangu hapo, kila kisima kilipoziba, waliita, "Yuko wapi mwenye akili?" na kila walipoita, Sungura alikuwa ameshafika vilima vya mbali. Ndiyo maana mpaka leo ukimkuta amekaa, hakungoji. Anadhani umekuja na kamba.

Kanga alirudi kwenye mkwakwa jioni ile na watoto wake wote, wakitembea kwa miguu yao. Kulipopambazuka vifaranga waliamka kabla yake, wakajipanga kama walivyozoea na kunyoosha shingo. Kijiti chembamba kilikuwa pale pale kwenye kiota. Kitindamimba alikuwa wa mwisho kwenye mstari, akipepesuka, kichwa mbele.

"Mama, leo nina ngapi?"

Kanga alikishika kijiti, akakitazama, akakichomeka kwenye ukuta wa kiota mahali palipokuwa panavujisha upepo. Kisha akainama juu ya kichwa kile kidogo, akakichunguza vizuri kwa jicho moja na halafu kwa jicho la pili.

"Leo una chawa mmoja," alisema, akamdonoa chawa yule, akammeza, akawaongoza kwenda kunywa.